Mguu Uliotangulia Nyumbani

Mguu wangu ulitoka hospitali kabla yangu. Mama aliupakata juu ya pikipiki, umefungwa ndani ya kikwembe chake cha maua ya njano, wakapita sokoni, wakaingia mtaa wetu wa Mudzipela saa nne za asubuhi, na jirani mmoja akamuuliza kama ndizi zimeshuka bei. Mimi nilibaki kitandani majuma matatu mengine. Siku hizi huwa nawatania watu kwamba ule mguu ulikuwa na haraka tangu zamani. Siku ile sikumtania mtu.

Naandika haya kwa ajili yako uliyeambiwa jana au juzi kwamba watakata. Mambo ya mishipa na dawa sitayagusa, hayo muulize daktari wako. Mimi nitakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza, pamoja na jambo moja nililolificha zaidi ya mwaka, ambalo liliniuma kuliko kisu.

Jina langu ni Paluku. Sisi ni watu wa Butembo. Tulihamia Bunia nikiwa mdogo, baba akafia hapa, hospitalini, tukabaki watatu: mama, mimi, na dada yangu Masika. Nilikuwa nauza viatu vya mpira, sabuni na tochi kwa wachimba dhahabu wa Nizi, na kila siku ya soko nilipanda pikipiki na mzigo wangu. Siku moja ya mvua pikipiki iliteleza kwenye mteremko na mzigo ukaniangukia mguu wa kushoto. Mfupa ulivunjika chini ya goti. Ulikuwa mvunjiko wa kawaida kabisa, wa kupona.

Hospitali walinifunga platre, ile nyeupe inayokauka na kuwa ngumu kama ukuta. Wakasema nivumilie majuma sita, nisiiguse. Siku ya tano ilianza kuwasha. Joto, jasho, kuwasha, na huwezi kufika mahali panapowasha. Niliingiza waya wa mwavuli ndani nijikune, waya ukatoka na damu. Na kila mgeni aliyekuja kunisalimu alikuwa na neno lilelile, kwamba platre inaozesha mfupa. Kwetu habari hiyo hata watoto wanaijua. Kila mtu ana shemeji ambaye platre ilimla mguu, ila huyo shemeji mwenyewe hujawahi kumwona. Wakamtaja mzee mmoja anayekanda mifupa, ambaye eti wachimbaji wengi walirudi shimoni kwa mikono yake.

Siku ya tisa tuliondoka hospitali bila ruhusa. Mama aliilowesha platre kwa maji ya moto, akaikata kwa kisu chake cha jikoni. Mzee akanikanda kwa mafuta na majani ya moto, kisha akanifunga vipande vya mwanzi, akakaza, akakaza tena. Niliuma kola ya shati langu mpaka ikapasuka. Alisema maumivu hayo ni mfupa unarudi mahali pake. Baada ya siku tatu vidole vilikuwa baridi. Siku ya sita vilikuwa vyeusi. Masika alileta chai, akasimama mlangoni, pua ikamweleza yote. Aliweka kikombe chini na kwenda kutafuta pikipiki bila kumuuliza mtu.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alitazama mguu muda mrefu.

"Nani alitosha platre?" aliuliza. Kwetu kutosha ni kutoa.

Mimi niligeuza macho dirishani.

"Ni miye," mama alisema. "Ni miye njo nilitosha."

Tuliambiwa tungoje kwenye benchi la korido mpaka chumba cha upasuaji kisafishwe. Sitasahau benchi lile. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha alihamia sakafuni bila kuombwa, ili nipate kunyoosha mguu. Sikumjua, sikumwona tena. Ukiwa kwenye benchi la namna hiyo, utakutana na mtu kama huyo, na wala usione aibu kukubali. Kisha muuguzi alitoka akauliza familia kama watauchukua mguu wenyewe au hospitali iuchome. Mama alikuwa na vikwembe viwili vya kitambaa kimoja, kimoja amekivaa, kingine amejifunika mabegani. Alikivua cha mabegani na kukitandika juu ya mapaja yake, akangoja.

Waliuzika nyuma ya nyumba, pembeni ya shamba letu dogo la maharage, na mama akauzungushia mawe. Masika aliniambia majirani walikuja kukaa matanga siku tatu, wengine walilia kweli. Ukiwa mgonjwa na ukasikia umeliliwa namna hiyo, hujui ushukuru au ukasirike. Mimi nilikasirika. Ni tabia yangu.

Nilirudi nyumbani kiangazi kilipoanza, vumbi likiingia mpaka kwenye sufuria. Mwili ulikuwa haujapata habari. Nilikuwa naamka asubuhi, natua miguu miwili chini, naanguka. Mguu usiokuwepo uliwasha kwenye vidole, nikainama kuukuna na kukuta shuka. Kipande kilichobaki juu ya goti kilivimba, kikanywea, kikabadilika rangi, na nilikichukia kama mgeni asiyejua kuaga. Kila siku ya tatu nilikwenda kubadilishiwa bandeji. Hivyo ndivyo nilivyohesabu wakati: bandeji ya kwanza isiyo na damu, bandeji ya mwisho, mvua ya kwanza, mavuno ya maharage.

Mama alinipikia, alinifulia, aliniletea maji ya kuoga. Ila kipande hicho hakukitazama hata siku moja. Aliweka ndoo na kugeukia ukutani, Masika ndiye aliyekiosha. Aliacha kuimba kwaya. Harusi hakwenda. Kila siku alivaa kile kikwembe cha maua ya njano kilichobaki, akikifua jioni na kukivaa asubuhi hata kikiwa na unyevu. Na kila Jumapili baada ya kanisa alichukua ufagio akaenda nyuma ya nyumba kufagia yale mawe.

"Mama, niko hai!" nilimpigia kelele siku moja. "Unamfagilia nani?"

"Najua uko hai," alisema, akaendelea kufagia.

Baba mdogo alikuja kutoka Butembo, akaketi sebuleni na kusema wazi mbele ya mama: "Mama yako alikuharibu. Kama angekuacha hospitali, ungekuwa unatembea." Ndugu wakaitikia kwa kichwa. Mama akainuka kwenda kuangalia chungu. Na mimi nilinyamaza. Nakuambia ukweli, huruma ni tamu. Walikuwa wananinunulia soda.

Mwaka ungeisha hivyo kama nisingekutana na Ali. Tulikaa benchi moja pale kwenye bandeji. Alikuwa mchimbaji wa Bambu, shimo lilimwangukia, wakamkata mguu wa kulia. Hakunisalimia. Alitazama kiatu changu.

"Unavaa karante-de?"

"Ndiyo, arobaini na mbili. Kwa nini?"

"Nilinunua viatu vya mpira wa miguu. Cha kushoto nakivaa, cha kulia panya wanakilala. Na weye iko na mguu wa kulia. Mungu anakupendaka."

Nilidhani ananicheka. Kumbe kweli kulikuwa na timu. Saa tisa za mchana, mara tatu kwa juma, kwenye uwanja wa shule wenye changarawe, watu wa mguu mmoja, sita kila upande, walicheza mpira kwa magongo mawili. Golikipa alikuwa na miguu yote na mkono mmoja. Aliitwa Dieumerci, kijana mpole kutoka vijiji vya Djugu. Mkono wake ulikatwa kwa panga siku kijiji chao kilipovamiwa, na zaidi ya hapo hatukumuuliza. Aliyetufundisha alikuwa Safari, mwalimu wa michezo, miguu miwili, subira hakuna.

Siku ya kwanza nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu. Kukimbia kwa magongo ni kujitupa mbele na kutumaini mikono itafika kabla ya pua. Viganja vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Makwapa yalichubuka nikashindwa kushusha mikono, nikarudi nyumbani nimeitanua kama jogoo anayetaka kuruka. Masika alicheka hadi akakaa chini. Mama alinipaka mafuta ya mawese kwapani, macho yake yasishuke chini ya kiuno changu.

Nilirudi siku iliyofuata, na iliyofuata tena. Sikurudi kwa ushujaa. Nilirudi kwa sababu pale uwanjani hakuna aliyeninunulia soda. Ukianguka, Ali anapita juu yako na mpira na kukuuliza kama umepanga kulala hapo.

Kuna sheria moja unayopaswa kuijua ili uelewe yaliyofuata. Katika mpira huu gongo ni mkono. Likigusa mpira kwa kuucheza, ni kosa. Juma la pili niliusimamisha mpira kwa gongo mbele ya goli, nikapiga, nikafunga, nikashangilia. Safari akapuliza filimbi.

"Nani aligusa na gongo?"

Nilitazama mawingu. Ali akaninyooshea kidole.

Safari alikuja mpaka karibu na uso wangu. "Sikiliza, Paluku. Timu mbili, magongo ishirini na ine. Refa iko na macho mbili tu. Hapa mutu anainua gongo yake mwenyewe. Ukigusa, unainua, hata kama hakuna mwenye aliona. Ukishindwa, rudia nyumbani ukalilie mguu."

Nilimchukia majuma mawili. Kisha nilianza kuinua. Mara ya kwanza mkono ulikuwa mzito, mara ya kumi sikufikiri tena.

Mvua zilikuja, uwanja ukawa tope, magongo yakazama, tukacheza. Mabega yalipanuka, mashati ya zamani yakanikataa. Siku moja nilibeba mwenyewe kidumu cha maji kutoka bombani, nimekifunga mgongoni kwa kamba, nikakiweka jikoni. Mama alikitazama kile kidumu kama mtu anayesoma barua. Nilifungua tena meza yangu ya viatu barabarani Mudzipela. Nilianza kukimbia kweli, ile ya upepo masikioni, na siku hiyo nililia uwanjani na Ali akajifanya hajaona.

Lakini nyumbani ufagio uliendelea kila Jumapili. Nilikuwa nimepona mimi, mama hakupona. Hicho ndicho kilichoninyima usingizi, maana nilijua dawa yake ilikuwa kinywani mwangu.

Kiangazi cha pili timu moja ilitoka Mahagi kuja kucheza na sisi. Nilimwomba mama aje.

"Siendi kuangalia watoto ya watu wanaanguka," alisema.

Nilikwenda bila yeye. Watu walijaa, wengine walikuja kucheka, baada ya dakika kumi wakasahau kucheka wakaanza kumtukana refa kama kwenye mpira wowote. Tulifungwa, Ali akasawazisha. Kipindi cha pili, mapumziko ya kunywa maji, nilitazama nyuma ya goli letu nikaona maua ya njano. Mama alikuwa amesimama peke yake, mikono kifuani. Moyo ulinipiga mpaka kwenye mguu usiokuwepo.

Zilibaki dakika chache. Mpira wa juu uliingia kwenye boksi letu, nikaruka kuuondoa, na katika kutua nikauzuia kwa gongo la kushoto. Refa alikuwa nyuma ya mgongo wa mtu. Mahagi hawakuona. Dieumerci alikuwa chini. Mpira ulikuwa unatoka zake.

Nikainua gongo.

Uwanja mzima ulipiga kelele, wa kwetu wakinilaani. Penalti. Dieumerci aliruka upande wa mkono wake, akaugusa kwa ncha za vidole, ukaingia. Tukafungwa mbili kwa moja. Bombani, tukinawa, Ali alijimwagia maji kichwani, halafu akasema, "Mara ingine, muzee, ukate hiyo gongo ikuwe mufupi kidogo." Ndipo tukacheka, wote, hata Safari.

Jioni ile mama alikuwa anachagua maharage kwenye ungo. Nilikaa karibu naye.

"Refa hakuona," alisema.

"Hakuona."

"Hakuna mutu aliona. Hata miye nilikuwa karibu, sikuona."

"Hakuna aliyeona, mama."

"Sasa uliinua sababu gani?"

"Kwa sababu niligusa."

Alitoa jiwe moja kwenye maharage, akalitupa. Hakunitazama, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Sasa nikuambie nililolificha. Siku ile ya tisa, mama hakutaka kunitoa hospitali. Wageni walisema, ndiyo, lakini yeye alisema tungoje majuma sita kama daktari alivyoagiza. Mimi ndiye niliyeomba. Alikataa mara mbili. Nilimwambia kama haniondolei kile kitu nitajua hanipendi, nitajua anataka nife humo kama baba alivyokufa. Nilimwambia hivyo mama yangu. Ndipo akachukua kisu. Na daktari alipouliza, nilitazama dirishani. Na baba mdogo alipomtukana, nilikunywa soda.

Asubuhi nilimwambia, "Mama, tutoshe matanga ya mguu."

Kwetu matanga yana mwisho. Siku inapangwa, aliyefiwa anaoga, anavua nguo za msiba, watu wanakula, na tangu hapo ana ruhusa ya kucheka tena. Kwa mguu wangu siku hiyo haikupangwa kamwe.

"Mwenye kutosha matanga ni mwenye alifiwa," mama alisema.

"Ni mimi niliyefiwa. Mguu ni wangu."

Midomo yake ilicheza kidogo. "Basi ita watu yako," alisema.

Jumamosi timu ilikuja yote, wawili wawili kwenye pikipiki, magongo yametokeza pande zote kama mzigo wa kuni. Majirani walikuja. Baba mdogo alikuwa mjini kwa biashara, akaja pia. Masika alipika sombe, yale majani ya muhogo, na maharage ya shamba lile lile. Tulisimama nyuma ya nyumba kuzunguka mawe, na baba mdogo akaanza kukohoa ili atoe hotuba.

Niliinua gongo langu juu. Watu wa nyumbani hawakuelewa. Timu ilielewa, wakanyamaza wote mara moja.

"Ni mimi niliyegusa," nilisema. "Mama alikataa. Ni mimi niliyemlazimisha atoe platre, kwa maneno mabaya. Mmemlaumu zaidi ya mwaka na mimi niliwaacha. Mama, unisamehe."

Baba mdogo alitazama viatu vyake. Masika aliingia jikoni, nikasikia anagonga masufuria kwa nguvu, kisha akarudi akasimama upande wa mama na kumshika mkono.

"Ulikuwa unabeba gongo mbili," mama alisema taratibu. "Hiyo ya tatu, niliona nikubebee kwanza. Ila ilikuwa nzito, mutoto yangu. Ilikuwa nzito sana."

Nililia mbele ya watu wote na sikujifuta. Alinikaribia, akapiga goti. "Leta nione," alisema. Akakunja suruali yangu na kukitazama kile kipande, kwa mara ya kwanza, akaweka kiganja chake hapo. Kiganja kilikuwa cha moto. Alikaa hivyo mpaka watu wakaanza kujisogeza.

Alipoinuka, macho yake yaliangukia kwa Dieumerci, aliyekuwa amesimama nyuma ya wengine, shati lake limefungwa fundo pale mkono ulipokoma.

"Na weye, papa, mukono yako walizika wapi?"

"Sijui, mama. Tulikimbia."

Mama aliingia ndani na kurudi amevaa kikwembe chekundu ambacho sikukiona tangu ajali. Kile cha maua ya njano kilikuwa mkononi, kimekunjwa vizuri. Aliondoa mawe mawili, Safari akachimba kidogo, na mama akampa Dieumerci kile kikwembe akiweke mwenyewe.

"Kikwembe mwenzake iko hapa chini," alimwambia. "Mukono yako itakaa na mguu ya huyu."

Dieumerci alikiweka. Akasukuma udongo juu yake kwa mkono wake mmoja, polepole, mpaka maua yote yakafunikwa, na hakuna aliyemsaidia maana hakuomba. Mama alirudisha mawe, akaongeza moja. Kisha akajipangusa udongo na kuuliza nani hajala.